Programu Huria za Uchumi Zahitaji Watunzaji

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi, daftari la taifa limehamia ndani ya tarakilishi. Kabla ya serikali kupandisha kodi au kupunguza matumizi, wataalamu huunda modeli, yaani mfano wa uchumi uliotungwa kwa hesabu, kisha huiagiza tarakilishi ikadirie nani atalipa, nani atafaidika na hazina itapata kiasi gani. Daftari hilo lisipokaguliwa, mwananchi hana njia ya kujua iwapo anachoambiwa ni hesabu au ni ubashiri.

Ndiyo maana programu huria za uchumi zinastahili kuungwa mkono. Hizi ni programu ambazo maandishi yake yamewekwa wazi ili mtu yeyote ayasome, ayatumie, ayarekebishe na kuwagawia wengine. Hata hivyo, imezuka dhana potovu kwamba kwa kuwa hazinunuliwi, basi hazina gharama. Gharama yake ni utunzaji, na aghalabu mzigo huo huachiwa watu wachache huku maelfu wakivuna.

Faida ya kazi ya uchumi kukaguliwa ilidhihirika mwaka wa 2013. Miaka mitatu awali, wanauchumi mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walikuwa wamechapisha makala yaliyoonyesha kuwa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hudidimia, uchumi wao ukipungua kwa wastani wa asilimia 0.1 kwa mwaka. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliyashika makala hayo kama hoja ya kubana matumizi ya umma. Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alipewa na mwalimu wake zoezi la kurudia hesabu za utafiti uliokwisha kuchapishwa. Alijaribu mara kadhaa bila kufikia jibu lile. Hatimaye waandishi wenyewe walimpa jedwali lao la tarakilishi, naye akagundua kuwa nchi tano zilikuwa zimeachwa nje ya wastani kwa kosa la fomyula. Kosa hilo liliporekebishwa, pamoja na miaka iliyoachwa na namna ya kupima uzito wa kila nchi, jibu likawa ukuaji wa asilimia 2.2. Waandishi walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kushikilia msimamo wao kwa jumla.

Funzo hapa si kwamba wasomi wakubwa hukosea, kwani nani asiyekosea? Funzo ni kwamba kosa hilo lilikaa miaka mitatu bila kusahihishwa hadharani, na lililolifichua ni zoezi la darasani.

Lakini kuwekwa wazi ni mwanzo tu. Modeli ya kodi ni kama ramani ya mji unaojengwa kila siku. Tutazame karatasi ya mshahara wa mwalimu wa Kenya anayepata shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2022 alikatwa shilingi 1,200 za bima ya afya ya NHIF. Julai 2023 ikaanza ada ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo kwake ni shilingi 750. Ada hiyo ilisimama Januari 2024 kutokana na uamuzi wa mahakama, ikarejeshwa na sheria mpya Machi mwaka huo huo. Oktoba 2024, NHIF ikatoa nafasi kwa SHIF inayotoza asilimia 2.75, yaani shilingi 1,375. Kabla ya mwaka kwisha, sheria nyingine ikaagiza makato hayo mawili yaondolewe kwanza ndipo kodi ya mapato ikokotolewe.

Programu iliyoandikwa kwa ustadi mwaka wa 2022 na kuachwa bila mtunzaji ingempa mwalimu huyo jibu la uongo leo. Tena ingelitoa kwa tarakimu nadhifu zisizotiliwa shaka. Hapo ndipo ilipo hatari. Gari bovu hukwama njiani kila mtu akaliona, lakini modeli iliyopitwa na wakati huendelea kutembea huku imempoteza abiria.

Isitoshe, programu hujengwa juu ya programu nyingine. Waundaji wa lugha ya Python walipokoma kuhudumia toleo lake la pili tarehe 1 Januari 2020, kazi nyingi za watafiti zilihitaji kuandikwa upya. Mtunzaji basi ana majukumu mengi: kusahihisha makosa, kufuata sheria mpya, kuandika maelezo yanayoeleweka, na kuweka mifano ya majaribio yenye majibu yanayojulikana ili kila badiliko lipimwe kabla ya kukubaliwa.

Wapo wanaohofu kwamba kitu kilichoachwa wazi kitavurugwa na kila mpita njia. Hofu hiyo haina msingi. Yeyote aweza kupendekeza badiliko, lakini wasimamizi hulikagua kabla ya kuliingiza, na kumbukumbu ya nani alibadili nini hubaki. Ufaransa ilianzisha OpenFisca, programu huria ya kukokotoa kodi na misaada ya serikali, mwaka wa 2011. Mnamo Aprili 2016 serikali ya nchi hiyo ilitoa hadharani hata maandishi ya programu yake yenyewe ya kukokotoa kodi ya mapato. Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya nacho chadai uwazi na ushirikishaji wa umma katika masuala ya fedha. Mswada wa Fedha wa 2024, ambao ulizua maandamano na hatimaye kukataliwa na Rais mwezi Juni, ulituonyesha taifa lenye kiu ya kujua kodi itamgusa nani na kwa kiasi gani. Haitoshi wananchi kuitwa kutoa maoni huku vyombo vya kukadiria vimefungiwa ofisini. Hazina ya Taifa ingefaa kuviweka wazi.

Kwa walimu na wanafunzi, twasema hivi. Vyuo vyetu hutumia R, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na Dynare, iliyotokea Ufaransa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mhadhiri akubali kosa lililosahihishwa katika programu huria kuwa kazi ya kutuzwa alama sawa na insha. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu alinganishe modeli na sheria ya mwaka huu. Asiyejua kuandika programu aandike maelezo yake kwa Kiswahili sanifu, maana ukaguzi usioeleweka na umma si ukaguzi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa programu hauonekani kwa macho, lakini ukuta utakaoanguka ni bajeti ya nchi, nao utatuangukia sote.