Dalali, Mbeba Bunduki Yuko Wapi?

Nianze na bei. Bunduki ya kuwindia tembo iliyotengenezwa London au Birmingham miaka mia moja na zaidi iliyopita, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, inaweza kuuzwa leo mnadani Marekani kwa fedha zinazotosha kujenga zahanati hapa kwetu Nanganga. Sina ugomvi na tajiri anayenunua anachokipenda. Ugomvi wangu ni hesabu inayoifikisha bunduki kwenye bei hiyo. Sehemu nono ya hesabu hiyo ilitengenezwa na watu wa huku, na hakuna hata mmoja wao anayeandikwa.

Nimekuwa nikisoma katalogi za minada kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na kwanza niwape mafundi wa Kiingereza haki yao. Mitutu miwili haikubali kupiga pahali pamoja kwa hiari yake. Fundi huiunganisha, huipeleka uwanjani, hufyatua, hurudi kuilegeza na kuisogeza kidogo mno, hufyatua tena, mpaka risasi ya kulia na ya kushoto zitue karibu karibu kwenye shabaha. Hilo ndilo jambo ambalo mthamini huliuliza mapema: je, bado zinatua pamoja? Kisha huchungulia ndani ya mitutu kutafuta mashimo ya kutu. Husoma mihuri ya ukaguzi. Hupapasa kitako kutafuta ufa, na huangalia kama mbao ni ile ile ya awali. Huuliza kama lile sanduku la ngozi lipo na kama daftari la kiwanda linaonyesha nani aliinunua na mwaka gani. Jina la mtengenezaji nalo lina uzito: Holland & Holland, Purdey, Rigby na Westley Richards hawauzwi kama fundi asiyejulikana.

Hata kipimo cha risasi kina siasa ndani yake. Mwaka 1898 Rigby walitoa risasi ya .450 iliyotumia baruti mpya, na ikapendwa sana. Mwaka 1907 Waingereza wakapiga marufuku risasi za kipimo hicho kuingia India na Sudan, wakihofia zisije zikaangukia mikononi mwa wenyeji waliokuwa na bunduki za zamani za jeshi. Viwanda vikakimbilia vipimo vya jirani, .470 kikiwemo. Leo mthamini huipandisha bei bunduki ya .470 kwa sababu risasi zake bado zinatengenezwa na kupatikana. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa leo analipia woga wa mkoloni wa 1907, na katalogi inamwambia kwamba analipia urahisi.

Sasa tufike kwenye kiini. Chukua bunduki mbili za kiwanda kimoja, kipimo kimoja na hali moja. Moja ilikaa kabatini Scotland. Nyingine ilishikwa na mtu maarufu. Ya pili itaikimbia ya kwanza kwa mbali. Mwaka 2011, kule Maine, Westley Richards ya .577 iliyokuwa ya Ernest Hemingway iliuzwa kwa zaidi ya dola 300,000. Chuma ni chuma. Kilichouzwa pale ni jina.

Au chukua Holland & Holland ambayo Waingereza walimpa Theodore Roosevelt kwa ajili ya safari yake ya Afrika Mashariki ya 1909. Siku hizi imewekwa makumbusho huko Louisville, Kentucky. Ilitolewa pamoja na orodha ya waliochanga, watu 56, ili vizazi vijue nani alitoa fedha. Roosevelt mwenyewe, katika kitabu chake cha safari hiyo, aliwataja watu waliombebea bunduki. Mmoja aliitwa Bakari. Baada ya hapo Bakari anatoweka. Mchangaji aliyetoa pauni zake akiwa ameketi klabuni London ana nafasi kwenye orodha. Bakari, aliyesimama hatua moja nyuma huku simba akija, hana.

Na kazi ya Bakari na wenzake haikuwa ya kupagaza mzigo tu. Bunduki hizi zina kilo tano, nyingine sita. Msoma nyayo ndiye aliyemtafuta tembo, akijua kwa kinyesi na kwa majani yaliyovunjika kama ni dume na kama amepita asubuhi au jana. Mbeba bunduki aliibeba kutwa nzima, akaipokeza kwa wakati, akaipokea tupu, akatoa ya pili, na haikuruhusiwa akimbie. Bwana alifyatua, akapiga picha.

Kuna neno wathamini wanalipenda sana: uchakavu wa halali. Bunduki iliyosuguliwa na kutiwa rangi upya hushuka thamani, lakini ile iliyofifia yenyewe hupanda, hasa pale rangi ya buluu ya mitutu ilipolika kwa kushikwa. Nimeziangalia picha hizo kwa makini. Angalia pia picha za zamani za safari uone nani ameibeba bunduki begani, kitako kikiwa nyuma na kiganja kikiwa kimekamata mitutu. Ni nadra kuwa Mzungu. Kile kiganja kilichoila ile rangi kilikuwa cha Mmwera, cha Myao, cha Mkamba, cha Mnyamwezi. Mnada unauza alama ya mkono wa mtu na kumpa sifa mwingine.

Mwenzangu mmoja darasani aliniambia ninatafuta siasa kwenye samani. Soko halina dhambi, alisema, linapokea ushahidi uliopo. Mzungu ana barua, mbeba bunduki hana. Hoja nzuri, lakini barua haiko mbinguni. Idara ya Wanyamapori ya kikoloni iliajiri maskauti na kuwalipa mishahara, na anayelipa mishahara huandika majina. Mpaka leo sijakutana na katalogi hata moja iliyotafuta majina hayo kwa bidii ile inayotumika kutafuta namba ya sanduku la ngozi.

Kwetu kusini jambo hili halisomwi vitabuni tu. C. J. P. Ionides, aliyeishia Newala akikamata nyoka, aliwahi kuwa jangili wa pembe za ndovu, na alilisimulia hilo mwenyewe bila haya. Mwaka 1933 akaajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, akapewa eneo la Liwale, na alipofariki mwaka 1968 akazikwa ndani ya pori la Selous. Huyo ni jangili aliyepewa wasifu. Mjomba wangu alikuwa na gobore la kufukuzia ngedere na nguruwe shambani, mtutu wake bomba la maji, risasi zake vipande vya nondo. Tangazo la kusalimisha silaha lilipotoka akalipeleka kituoni kwa baiskeli. Magobore ya namna hiyo huteketezwa kwa moto, kamera zikiwepo. Sisemi yarudishwe mitaani. Yameua watu, na sheria ya silaha ya 2015 ina sababu zake. Nasema mhunzi aliyelitengeneza naye ni fundi, na hakuna makumbusho niliyoingia ambayo imeweka gobore la kusini pamoja na jina la aliyelifua.

Mzee mmoja hapa njia panda ya Ruangwa, ambaye baba yake alisoma nyayo kwa ajili ya wageni, nilimtajia bei ya ile bunduki ya Hemingway. Alinyamaza kidogo. "Mjukuu wangu," akasema, "baba alikuwa anapewa nyama na kanzu. Na kanzu yenyewe ilirudishwa safari ikiisha."

Kwa hiyo madai yangu ni mawili, na yote yanatekelezeka. Katalogi ikidai kwamba bunduki iliwinda Tanganyika au Kenya, mnada utaje walioibeba, au uandike wazi kwamba hawajatafutwa. Na makumbusho yetu yaanze kukusanya majina kabla watoto wa wabeba bunduki hawajaisha. Wengi wamevuka miaka themanini. Mimi nimeanza na vijiji vya barabara ya kutoka Nanganga hadi Ndanda. Nina majina kumi na moja, matatu kati yake yakiwa na jina la bwana aliyebebewa. Mwezi huu nimewaandikia madalali wawili kuhusu hayo matatu.