Mkono wa Pili Kando ya Kiti cha Meno



Jioni moja ya mvua, baada ya mafundisho, binti mmoja niliyemfundisha zamani alibaki nyuma akijifanya anapanga mabenchi. Nilipomkaribia akaniuliza: «Papa Mwalimu, mtu akipoteza kazi kwa sababu amekataa kudanganya, je, amekosea?»

Alikuwa msaidizi katika chumba kimoja cha matibabu ya meno. Siku ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Wagonjwa wanne walikuwa bado wanangoja, na koleo safi lilikuwa limebaki moja tu. Mkubwa wake alimwamuru ayachovye yale yaliyokwisha kutumika katika maji ya javeli kwa dakika tano, ayafute, ayarudishe mezani. Binti akakataa. Akawaambia wagonjwa watatu warudi kesho. Kesho yake, yeye ndiye aliyeambiwa asirudi tena.

Nilimjibu maneno machache ya faraja, kama tunavyozoea sisi wazee tunapotaka kwenda nyumbani. Jibu lile halikunitosha mimi mwenyewe. Leo ninataka kutoa jibu kamili, kwa ajili yake na kwa ajili yenu ninyi mnaotafuta kazi ya kujifunza, maana wengi wenu mnaidharau kazi hii kabla ya kuifahamu.

Wenzake walimwita «muosha-makoleo». Walidhani kwamba msaidizi wa daktari wa meno ni mtu wa kufagia, kuita majina na kumwaga mate ya watu. Tuitazame basi kazi yenyewe. Fikirini uso wa saa ya ukutani umelazwa juu ya kiti, kinywa cha mgonjwa kikiwa katikati, na namba 12 ikiwa upande wa utosi wake. Daktari atumiaye mkono wa kuume huketi kati ya namba 7 na namba 12. Msaidizi huketi upande wa pili, kati ya 2 na 4. Vyombo hupita kati yao juu ya kifua, chini ya kidevu, wala si mbele ya macho ya mgonjwa, ili asitishike na asichomwe kitu kikianguka. Mkono mmoja wa msaidizi hushika mrija wa kunyonya mate na damu. Mkono mwingine hutoa chombo kinachofuata kabla hakijaombwa. Daktari haondoi macho kinywani. Mwenye kujua hatua ifuatayo ni yule aliyeketi kando yake.

Tena yeye ndiye anayeandika. Mtu mzima ana meno 32, mtoto ana 20 ya utotoni, na kila jino lina namba ya tarakimu mbili: ya kwanza hutaja robo ya kinywa, ya pili hutaja nafasi ya jino kuanzia katikati. Jino la 46 ni gego la kwanza la chini, upande wa kuume wa mgonjwa, ambalo huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi. Jino la 36 ni ndugu yake wa upande wa kushoto. Msaidizi akisikia 46 akaandika 36, jino zima laweza kung'olewa na bovu likabaki. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Katika kazi hii, kosa la kalamu ni kosa la koleo.

Inasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1885, katika mji wa New Orleans huko Marekani, daktari wa meno aitwaye Edmund Kells alimwajiri mwanamke wa kumsaidia, na wanawake wa mji wakapata ujasiri wa kwenda kutibiwa bila kusindikizwa na mume au ndugu, kwa kuwa walijua kwamba chumbani yupo mtu mwingine. Tangu mwanzo, basi, msaidizi alikuwa pia shahidi: kwa kuwapo kwake, mgonjwa aliyefungua kinywa na kufumba macho hakuachwa peke yake.

Huyo Kells alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha za eksirei za meno, mwaka 1896. Alizishika sahani za picha kwa mkono wake, mara nyingi, miaka mingi. Saratani ikamshika, alikatwa vidole, kisha mkono. Yeye alianza kazi ile kabla watu hawajajua ubaya wa mionzi. Lakini sisi, juu ya koleo lenye damu, tunajua. Hapo ndipo binti yetu aliposimama.

Ngoja niungame jambo. Miaka kadhaa iliyopita niliketi mimi mwenyewe katika kiti cha namna hiyo, shavu limevimba. Nilimwona kijana akilifuta koleo kwa pamba yenye alkoli, koleo lililotoka katika kinywa cha mama mmoja aliyenitangulia, akamkabidhi daktari. Nilikuwa na maneno, nikayameza. Niliogopa kuonekana mjuaji. Niliogopa pia kurudi nyumbani na maumivu. Mimi nifundishaye watu wengine kusema kweli nilifungua kinywa, lakini kwa koleo tu. Kwa hiyo nilipomsikia binti huyu, nilijua kwamba alifanya lile nililoshindwa mimi mgonjwa, ambaye sikuwa na mshahara wa kupoteza.

Kwa nini neno hili ni zito? Virusi vya homa ya ini ya aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, ndani ya tone la damu iliyokauka ambalo jicho halilioni. Alkoli haiui kila kijidudu, tena haipenyi vizuri damu iliyoganda. Maji ya javeli hupunguza vijidudu, lakini dakika tano juu ya chuma kichafu si utakaso, na chuma chenyewe huanza kuliwa. Njia ya kweli ina hatua, wala hakuna hatua ya kurukwa: kusugua chombo kwa brashi, maji na sabuni hadi uchafu wote utoke, kusuuza na kukausha, kufunga, kisha kukiweka katika otoklavu, yaani chombo cha mvuke wenye mgandamizo, kwa joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 angalau, au nyuzi 134 kwa dakika 3. Dakika huhesabiwa baada ya joto kufika, si tangu moto ulipowashwa. Mwishoni pakiti iachwe ikauke kabla ya kuguswa, kwa maana pakiti iliyolowa huruhusu vijidudu kupita.

Mtu ataniambia: «Papa, hatuna umeme.» Ninalijua hilo. Lakini vipo vyombo vya mvuke vinavyofanana na sufuria ya mgandamizo, vinavyotegwa juu ya jiko la gesi, la mafuta ya taa au la makala. Nyumba inayonunua kiti cha kupendeza na kukosa chombo cha namna hiyo haijakosa fedha. Imepanga vibaya mambo yake. Na ikiwa siku fulani hakuna njia yoyote ya kutakasa, basi siku hiyo kazi imekwisha, hata kama wagonjwa hamsini wako mlangoni. Wale watatu waliorudishwa walikwenda na maumivu, nami siyafanyi kuwa madogo. Lakini maumivu ya usiku mmoja hupita kuliko ugonjwa wa ini unaoweza kumfuata mtu hadi kaburini.

Sasa nigeukie mafunzo. Kwetu, wasaidizi wengi ninaowafahamu walianza kama wauguzi, kutoka shule za ITM au za ISTM, kisha wakajifunza mambo ya meno kazini. Wengine hawakupita shule yoyote ya afya: waliingia kwa kufagia, wakabaki kwa kutazama. Simdharau aliyejifunza kwa kutazama. Hata ufundi wa useremala hupokewa hivyo. Lakini kutazama humfundisha mtu tendo bila sababu yake, na asiyejua sababu huliacha tendo siku ya kwanza ya haraka. Kwa hiyo, kijana anayeahidiwa mafunzo ya kazi hii na aulize mambo manne kabla ya kutoa hata faranga moja. Je, cheti kinatambuliwa na idara ya afya ya jimbo? Je, kuna mazoezi mbele ya wagonjwa wa kweli, chini ya daktari wa meno mwenye diploma? Je, utakaso wa vyombo unafundishwa kwa mkono, au katika daftari tu? Na je, mwanafunzi anachanjwa kwanza dhidi ya homa ya ini ya aina B? Chanjo hiyo hutolewa kwa kawaida mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Shule inayokuvika glavu bila kukuchanja inakutuma vitani bila ngao.

Jifunzeni pia kwamba sindano iliyotumika haifunikwi kwa mikono miwili, na kwamba aliyechomwa nayo haoni aibu: huosha kidonda mara moja kwa maji na sabuni, huarifu, na hufika hospitalini mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita.

Lipo jaribu moja ambalo sitaki kulinyamazia. Msaidizi akikaa miaka mitano kando ya kiti, watu wa mtaa wake huanza kumwita «munganga wa meno». Jirani huja usiku akilia. Koleo moja linapotea kazini, chupa ya ganzi nayo inapotea, na chumba cha nyuma ya nyumba kinageuka kliniki. Nao huniambia: «Kijijini kwetu hakuna daktari kwa mwendo wa siku mbili. Je, tumwache mtu afe na jino?» Hoja hii ina uzito, na anayeicheka hajawahi kulala na jino linalouma mbali na barabara.

Lakini tazameni. Mzizi huvunjika ndani ya mfupa. Damu hukataa kukoma. Uvimbe huteremka shingoni na kuziba pumzi. Aliyejifunza kung'oa jino linalotoka bila shida hajajifunza kung'oa jino. Msaidizi anaweza kufanya jambo lililo kubwa bila kuiba jina la daktari: kuzitambua dalili za hatari na kumpeleka mtu haraka hospitalini. Uvimbe unaofika jichoni au shingoni, homa, kinywa kisichofunguka, shida ya kumeza au ya kupumua: huyo hasubiri soko la kesho. Vivyo hivyo mtoto mdogo aliyekonda, mwenye kidonda cha fizi kinachonuka na shavu linalovimba, anaweza kuwa na noma, ugonjwa unaolila shavu kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwezi wa Desemba 2023. Ukionekana mapema, hutibika kwa dawa za kawaida, usafi wa kinywa na chakula. Msaidizi mwenye macho anaweza kuuokoa uso mzima wa mtoto.

Na kijiji kisicho na daktari kinahitaji njia iliyo halali, si mlango wa nyuma. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine: sehemu iliyooza husafishwa kwa vyombo vya mkono, kisha shimo huzibwa kwa simenti maalum inayoshikamana na jino. Leo njia hiyo inatumika katika nchi nyingi, hata shuleni. Humo pia msaidizi ana nafasi yake, kwa maana akikosea kipimo cha unga na maji ya simenti, kazi yote hubomoka. Tuwaombe basi wakubwa wa afya na hospitali zetu za misioni wawafunze watu kwa kazi hiyo, wawape cheti, wawasimamie na kuwalipa. Mwenye kumlipa msaidizi wake mabaki ya siku asishangae koleo likipotea usiku.

Narudi kwa binti yetu. Hajapata kazi nyingine. Anauza sabuni na mafuta karibu na kituo cha mabasi. Sitawadanganya kwamba ukweli ulimlipa mara moja. Lakini swali lake sasa ninalijibu bila kigugumizi: hapana, mwanangu, hukukosea. Wagonjwa watatu walilala na maumivu, wakaamka na damu yao safi, na hawajui hadi leo kwamba una sehemu katika uzima wao. Tuliokosea ni sisi tuliokaa katika kiti kile tukaona, tukanyamaza. Ni sisi pia tulioona mtu akifukuzwa kwa ajili ya haki, tukampa maneno ya faraja tu. Mwezi huu nitakwenda pamoja naye hospitalini, na barua mkononi, kumwombea nafasi. Na nikiketi tena katika kiti cha meno, nitauliza kabla ya kufungua kinywa: «Chombo hiki kimepita motoni?»

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Je, ni kazi gani nyingine tunazozidharau kwa sababu anayezifanya hashiki nafasi ya kwanza?

2. Kama ungekuwa mgonjwa wa tatu katika foleni ile, ungemwambia nini binti huyu aliyekurudisha nyumbani?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini, kwa tendo na si kwa maneno, kwa ajili ya kijana aliyepoteza kazi kwa sababu ya uaminifu?