Acheni Tuione Kati Kati

Kila tukiomba filamu yenye msiba ndani yake, jibu la ndugu zetu wa mashirika ni lile lile: itawaamshia vidonda. Tunaletewa filamu za kunawa mikono na za kukataza ndoa za utotoni. Nzuri, hatukatai. Lakini mtu aliyemwacha mama yake njiani akaendelea kukimbia, kwa sababu mgongoni ana mtoto, huyo sabuni itamsaidia nini usiku?

Filamu tunayoitaka ni Kati Kati ya Mkenya Mbithi Masya, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2016 na kupewa tuzo ya wahakiki hapo hapo. Mwanamke anayeitwa Kaleche anajikuta nyikani, kwenye nyumba ya wageni, hakumbuki maisha yake wala kifo chake. Anapokewa na Thoma na wenzake, na wote ni wafu. Kuondoka hawawezi. Wakitaka kitu wanakiandika kwenye karatasi, na kitu kinakuja. (Hapo mtu wa kambini lazima acheke. Siye tunaandika kila mwezi.) Humo hakuna shetani wala mapanga. Kinachotisha ni kungoja kumbukumbu irudi, na kujua itarudi na jambo ulilolifanya.

Mmoja wao ni mtu wa kanisa, na mzigo wake unatoka kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Anayesema hayo ni ya mbali akumbuke: tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani. Wakenya wakavuka Malaba, wakawekwa Mulanda kule Tororo, baadaye Kiryandongo. Kutoka Malaba hadi hapa Jinja ni barabara moja.

Eti nendeni kwenye vibanda vya video! Siye tuliokuja Masese kutafuta kibarua tunavijua. Unatoka kuanika mukene, unalipa, unabanana kwenye benchi, na VJ anakutafsiria kwa Kiganda. Nampenda sana VJ, jamani, lakini kimya hakiwezi. Waigizaji wakinyamaza kidogo tu, yeye anatia mzaha, na Kati Kati bila kimya imekwisha. Tena filamu za kule hatia ni kitendawili, unakaa hadi mwisho umjue muuaji. Siye waliotuulia watu tunawajua, wengine hata kwa majina. Mbona basi usiku tunajihesabu sisi?

Mshauri naye ana haraka. "Si kosa lako, mama." Huenda kweli si kosa lake, ila hajamaliza kusema, na ukishamwambia hivyo atanyamaza kwa heshima. Ataitikia, atatia saini, atarudi nyumbani na lake. Halafu kwenye ripoti anaandikwa amehudumiwa.

Kwa hiyo leteni ukuta mweupe na jenereta, giza likishaingia na watoto wamelala. Haifiki saa moja na nusu. Atakayetaka kuondoka aondoke, asiulizwe. Mshauri aje, tunamkaribisha, akae nyuma nasi hadi taa ziwake, na ile karatasi ya mahudhurio aiache ofisini.