Daftari la Mbayuwayu

Mvua za vuli, ambazo Wanyarwanda huziita umuhindo, zianzapo kunyesha Kigali mwezi wa Septemba, huko Ulaya baridi huanza kuingia na wadudu hupungua hewani. Ndege aishiye kwa kula wadudu hana budi kuhama. Mbayuwayu, ambaye uzito wake ni gramu 20 hivi, huondoka Ujerumani au Polandi, huvuka bahari ya Mediteranea na jangwa la Sahara, na baada ya safari ya zaidi ya kilometa 6,000 huonekana juu ya mabati ya Kicukiro na Nyamirambo akiwinda kumbikumbi. Wengine husonga mbele hadi Afrika Kusini. Ifikapo Machi au Aprili hurejea walikotoka kujenga viota.

Jambo hili halikujulikana siku zote. Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hulala ndani ya tope la maziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822 korongo mweupe alipigwa risasi kaskazini mwa Ujerumani akiwa na mshale wa Kiafrika umemchoma shingoni. Alikuwa amesafiri nao safari nzima, na hata leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kisha mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Uingereza mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Tangu hapo ubishi ulikwisha. Neno lililobaki ni la hesabu: wanaokuja ni wangapi, na je, wanapungua?

Hesabu hiyo yaweza kufanyika uani. Hahitajiki mtu mwenye darubini wala shahada. Yahitajika penseli, daftari na saa. Mhesabuji huchagua mahali pamoja, kwa mfano kizingiti cha jikoni, na saa moja isiyobadilika, tuseme saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatazama angani kwa dakika kumi na tano. Mbayuwayu huzunguka na kurudi palepale. Ahesabuye kila apitaye atamwandika mmoja mara sita. Kwa hiyo huandikwa idadi kubwa kabisa iliyoonekana kwa mara moja. Kundi likiwa kubwa, huhesabiwa kumi wa kwanza, kisha jicho hupima makumi yaliyobaki.

Kosa la pili ni kumdhania mwenyeji kuwa mgeni. Kigali ina mbayuwayu wake wakaao mwaka mzima. Mgeni wa Ulaya ana koo jekundu la kutu, na chini ya koo hilo mshipi mweusi ukatao kifua, na tumbo jeupe. Mwenyeji anayefanana naye zaidi ana wekundu ulioshuka hadi kifuani, na tumbo lake ni la kijivu. Asiyeona vizuri na aandike “mbayuwayu” tu.

Msomaji na achukue mfano wa nyumba moja ya Kicukiro, ambayo baba yake ni askari aliye katika kazi ya kulinda amani Sudan Kusini. Mama alimpa mtoto wake wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, daftari la kuhesabu hadi baba arudi. Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri: saba, kumi na moja, tisa, sifuri, kumi na wanne. Ndipo siku moja ya Oktoba ikaandikwa arobaini. Mama alikumbuka kwamba asubuhi hiyo mvua ilikuwa kubwa, na kijana alikuwa amejifunika blanketi hadi saa moja kasorobo.

“Mwanangu, hawa arobaini uliwaonea wapi?”

Kijana akainama. Alisema kwamba baba akipigiwa simu hupenda kusikia wengi.

Mama hakumchapa wala hakuichana karatasi. Alimwagiza apige mstari mmoja juu ya ile arobaini, isomeke bado, kama yafanyikavyo katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na pembeni aandike “haikuhesabiwa.” Kijana akauliza kwa nini asiandike sifuri. Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Sifuri ni habari: mlinzi alisimama, akatazama, hakuona kitu. Aliyelala hana sifuri ya kutoa. Sifuri za uongo zikiwa nyingi, atakayesoma daftari baada ya miaka ishirini atadhani ndege walikufa, kumbe watoto walilala. Na arobaini za uongo ni mbaya zaidi, maana zitaficha kifo chenyewe.

Rwanda inajua thamani ya hesabu ya kweli. Korongo mwenye taji, yaani umusambi, alikuwa akikamatwa na kufugwa katika bustani za majumba na mahoteli, na mabwawa yake yakageuzwa mashamba. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata 487 tu waliobaki porini. Hesabu ikarudiwa mwaka hadi mwaka, wafungwa wakatolewa, na sasa wamepita 1,000. Pasipo ile 487, hakuna ambaye angeweza kusema kwamba kazi imezaa matunda. Mbayuwayu hana taji, na pengine ndiyo sababu hakuna amhesabuye kwa bidii hiyo.

Wenye simu huweza kutuma hesabu zao kwa eBird, daftari la dunia lililoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Jumamosi ya pili ya Oktoba watu wa nchi nyingi huhesabu kwa pamoja. Lakini familia ikaayo ndani ya kambi isitume mahali penyewe wala picha za majengo. Jina la mji latosha, na daftari la karatasi halimwambii mtu lolote.

Jumapili baba alipiga simu. Akasema ameona kundi la keremkerem, wale ndege walao nyuki, wakipita juu ya kambi yao kuelekea kusini, kama sitini hivi. Kijana akataka kuwatia katika hesabu ya nyumbani. Mama akamfungulia ukurasa mwingine nyuma ya daftari, ukaandikwa juu yake “Sudan Kusini,” na baba akaulizwa saa na hali ya hewa.

Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mawingu, bila mvua: mbayuwayu watatu.