Namba saba za mhusika, na maneno niliyoandika kwenye ripoti

Najua nimepotea, mtanisamehe. Nilikuwa TP, na huko nilikopangiwa mtandao ulikuwa wa kupanda kilima ndiyo uupate. Sasa nimerudi chuo, bumu bado halijatoka, na rumu yetu imepata ugonjwa mpya: gemu la zamani linaitwa Fallout. Lilitoka mwaka 1997 kwa hiyo ni jepesi, hata laptop yangu iliyochoka inalibeba.

Kwa wasiolijua: dunia imeshapigwa mabomu ya nyuklia, wewe umezaliwa kwenye handaki huko California, mtambo wa maji umeharibika na unatumwa nje kutafuta kipuri. Ila kabla hujatoka lazima umtengeneze mhusika wako. Unapewa sifa saba: nguvu, umakini wa kuona na kusikia, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi na bahati. Kila sifa inaanza na 5, mwisho 10, na una pointi 5 za nyongeza. Jumla 40. Ukitaka zaidi ya pointi hizo lazima upunguze pengine.

Mimi nilidhani hizi saba zimekuwepo tangu mwanzo, kama amri kumi. Nilipofuatilia historia yake nikakuta sivyo kabisa, na ndiyo maana naandika leo.

Tim Cain alianza kulitengeneza gemu hili mwaka 1994 katika kampuni ya Interplay, Marekani. Mpango ulikuwa litumie kanuni za GURPS, za magemu ya kuchezwa mezani, zilizotolewa na kampuni ya Steve Jackson mwaka 1986. Huko mtu ana sifa nne tu za msingi: nguvu, wepesi, akili na afya. Basi kwa muda mrefu mhusika wa Fallout alikuwa mtu wa namba nne. Mwanzoni mwa 1997, gemu likiwa limeshafika mbali, pande mbili zikashindwana. Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya ukatili uliomo ndani yake. Leseni ikafa. Jamaa wakabaki na gemu lisilo na kanuni, na kwa haraka sana Chris Taylor na Cain wakatunga utaratibu wao wenyewe. Mtu wa namba nne akawa mtu wa namba saba. Hata mpangilio ulibadilika: herufi za kwanza za majina ya sifa zilikuwa zinasomeka ACELIPS, baadaye zikapangwa upya zikatoa SPECIAL, neno la Kiingereza lenye maana ya maalumu.

Sasa angalieni kilichotokea hapo katikati. Kwenye GURPS, kuona na kusikia vilipimwa kwa akili. Ukiwa na akili ndogo, basi hata macho yako yanahesabiwa kuwa hafifu, labda ununue nyongeza ya pembeni. Mvuto na bahati navyo vilikuwa nyongeza za pembeni. Kwenye utaratibu mpya umakini ukapewa safu yake, mvuto safu yake, bahati safu yake. Ghafla ikawezekana kuwa na mhusika mwenye akili 3 na umakini 9, asiyejua kujieleza lakini hakuna kinachompita machoni. Mtu kama huyo alikuwepo duniani siku zote. Jedwali ndilo lilikuwa halina pa kumwandika.

Hapo ndipo nikamkumbuka kijana wangu.

Nilikuwa nafundisha hesabu kidato cha pili. Dawati la nyuma kabisa alikaa kijana mmoja, mpole, ambaye kwenye jaribio langu la kwanza alipata 11 kati ya 100. Kipindi kimoja natatua swali ubaoni, ubao mzima umejaa, jibu linagoma. Darasa lote wananakili tu, vipanga wa mbele nao wananakili. Yule kijana akanyoosha mkono: “Mwalimu, ile alama ya kutoa ya mstari wa pili imeenda wapi?” Nikageuka. Kweli, nilikuwa nimeidondosha. Darasa likacheka, na mimi nikacheka, tukaendelea. Na siyo mara moja, kama mara tatu hivi alinikamata.

Mwisho wa muhula mwalimu mwenyeji akanipa ripoti nijaze maoni ya somo langu. Ripoti zaidi ya 60, mkono unauma, umeme umekatika. Kwake nikaandika: “Uwezo wake ni mdogo.” Maneno manne, nikageuza karatasi. Jedwali langu lilikuwa na safu moja tu, na kwenye safu hiyo yeye alikuwa 11.

Siku ya kuondoka akanisubiri nje ya ofisi, akaniuliza, kwa adabu kabisa: “Mwalimu, shikamoo. Eti uwezo ukiwa mdogo, huwa unaongezeka?” Jamani. Nikamwambia kazana tu. Sikuwa na kingine, na gari lilikuwa linanisubiri.

Rafiki yangu wa rumu anasema nakuza mambo, gemu ni gemu, na bila namba mwalimu atamjuaje mwanafunzi? Namwelewa. Na mimi sisemi tufute namba. Hata wale wa Interplay, leseni ilipokufa, hawakusema basi, kila mhusika awe sawa. Walirudi mezani wakajiuliza ni sifa zipi zinahitajika kwa maisha ya kwenye gemu lao. Ninachosema ni kwamba namba ina mtu aliyeichagua, na huyo mtu anaweza kuwa na haraka, kama mimi nilivyokuwa.

Kuna jambo la pili. Kwenye Fallout, kila ukipanda ngazi unapewa pointi za kujifunza ujuzi: 5, jumlisha akili yako mara mbili. Mwenye akili 9 anapata 23. Mwenye akili 2 anapata 9. Kila ngazi! Baada ya ngazi kumi hawa si watu wa dunia moja. Halafu mwenye akili ndogo hata kuongea hawezi vizuri, ananguruma tu, watu wanamkatisha mazungumzo na kazi nyingi hapewi. Kwa gemu inachekesha. Darasani tunafanya hivyohivyo: aliyepata 11 hatumuulizi swali, hatumpi kiongozi wa kundi, halafu mwaka ukiisha tunashangaa pengo limekuwa kubwa.

La tatu ni ule mvuto. Kwenye Fallout ya kwanza wachezaji wengi waliushusha bila huruma, kwa sababu haukuwa na kazi kubwa. Fallout 2 ilipotoka mwaka 1998, mvuto ukapewa kazi: idadi ya wenzako wa safari ni nusu ya mvuto wako. Ukiwa na mvuto 2, mwenzako ni mmoja. Safu ikaanza kuwa na maana. Nikakumbuka zile ripoti nilizojaza, upande wa tabia: juhudi, usafi, ushirikiano. Mnajua tulivyozijaza? B, B, B, kuanzia juu hadi chini, darasa zima. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kinachotokana nazo. Ni mvuto wa 1997.

Na swali la kijana je? Kwenye Fallout ya kwanza sifa zako saba karibu unakufa nazo, kuzipandisha ni kwa bahati chache sana. Fallout 4, ya mwaka 2015, iliyotengenezwa na Bethesda, ina sifa zilezile saba, lakini kila ukipanda ngazi unaweza kuamua kuongeza mojawapo. Majina ni yaleyale, herufi zilezile, ila fikra juu ya binadamu imegeuka. Na aliyegeuza ni mtu tu, ameketi mezani na kalamu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nawaambia hasa ninyi tunaosoma ualimu pamoja. Ukitunga jaribio, jiulize safu gani haipo. Ukikuta safu isiyo na kazi, ipe kazi au ifute, usijaze B za kudanganya wazazi. Na usiandike neno “uwezo” kwenye ripoti ya mtoto. Andika alichofanya. Mimi ningeandika: “Amepata 11. Anaona makosa ambayo darasa zima halijayaona. Anahitaji kurudia hesabu za alama za kutoa na kujumlisha kuanzia kidato cha kwanza.” Ni dakika moja zaidi, mkono ungeuma kidogo tu.

Ripoti yangu imeshafika nyumbani kwao, siwezi kuifuta. Nimempigia mwalimu mwenyeji jana, nimemwomba amwambie yule kijana kwamba jibu ni ndiyo, unaongezeka. Amesema atamwambia. Sijui kama atakumbuka.

Nanyi mliotoka TP, mliandika nini? Semeni ukweli, hapa ni kwetu. Nawasilisha.