Mkweche wa mzee nusura ututoe roho!

Wale mlioko Tunduma mnaonifahamu najua mmeshaanza kucheka, maana kichwa cha habari peke yake kimewaambia leo namzungumzia nani. Naam, ndiye huyo huyo! Land Rover 109 pikapu ya marehemu mzee wangu, rangi ya kijani iliyochoka, mlango wa kushoto unafungwa kwa mpira wa baiskeli, na likiwashwa asubuhi mtaa mzima unajua mwenye gari ameamka.

Kijiweni washkaji wananiita Mkoloni. Mmoja aliniuliza eti gari langu lina kadi au lina cheti cha kuzaliwa. Sawa, chekeni. Lakini leo nina jambo ambalo mama yangu hakupenda nilisimulie, na kijana yeyote anayeota kumiliki gari la kizamani ni lazima alisikie.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, nianze na sifa. Gari hili ni la mwaka 1975. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, basi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha juzi tu na Uingereza chuma kilipatikana kwa mgawo, hivyo jamaa wa Rover wakatengeneza bodi kwa aluminiamu. Ndiyo maana bodi ya mzee haina kutu, wakati chesisi, ambayo ni chuma, inaliwa kimya kimya kutokea ndani kama jino bovu. Ukienda kununua Land Rover kuukuu usibabaishwe na rangi. Ingia uvunguni, gonga chesisi kwa nyundo. Ikilia "nge!" mshukuru Mungu. Ikilia "pu!" rudi nyumbani na chapaa zako.

Na huku kwetu mashine hizi zina heshima yake. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ikapata kasheshe la mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, yakipita hapa hapa Tunduma. Barabara haikuwa na lami. Kiangazi vumbi, masika tope mpaka magotini, madereva wakaiita njia ya jehanamu! Bomba la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, kisha ikaja lami, na reli ya TAZARA ikajengwa 1970 hadi 1975. Wazee waliokula tope lile ukiwagusia Land Rover wanakaa vizuri kwenye kiti.

Halafu kuna hili: Januari 2016, mwezi ule ule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, ndipo kiwanda cha Solihull kule Uingereza kilipotoa Defender ya mwisho ya ukoo ule wa zamani. Sisi tunazaliwa, wao wanazima taa.

Haya, turudi nyumbani. Mzee alilinunua mnadani, akalitumia kubebea mahindi na mbolea, akafariki mwaka 2021. Mimi nimemaliza kidato cha nne, ajira hakuna, ufunguo nikakabidhiwa mimi. Nikawa nabeba mahindi, matofali, hata kitanda cha maharusi.

Msidhani ni starehe. Wenzenu mnaamka mnapiga mswaki, mimi naamka napima oili, naongeza maji kwenye rejeta, nasafisha platini kwa msasa. Betri ikigoma natoa hendeli, nachomeka mbele, nazungusha. Hapo kuna siri: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie hendeli. Injini ikirudisha teke, gumba lililokumbatia linavunjika! Na mafuta? Lita moja ya petroli kwangu ni kilomita sita, likiwa na furaha. Nafuu pekee ni kwamba ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, serikali ikaongeza Sh. 40 kwenye kila lita ya mafuta. Sasa unalipa kadiri unavyotembea.

Basi bwana, mwaka jana mwezi wa saba fundi wangu, babu mmoja ambaye spana kwake ni kama kalamu, aliingia uvunguni akatoka anatikisa kichwa. "Mwanangu, masta silinda imekwisha, mipira imelika. Mafuta ya breki yanavuja. Usiliendeshe hili gari."

Nikauliza bei. Kifaa na kazi, laki moja na themanini.

Mfukoni nilikuwa na laki mbili kamili. Lakini hizo laki mbili zilikuwa salio la ada ya mdogo wangu wa kike aliyeko chuo cha uuguzi, na mwisho wa kulipa ilikuwa Jumatatu. Nikafanya hesabu ya kijana wa mjini: ada nikatuma, breki nikanunua makopo mawili ya mafuta. Kila asubuhi naongeza, naondoka. Wiki ya kwanza, poa. Wiki ya pili, poa. Nikajiona mjanja kuliko fundi!

Jumamosi ya wiki ya tatu tulikuwa tunatoka shamba, upande wa Mpemba. Nyuma magunia manane ya mahindi na utingo wangu juu yake. Mbele mimi na mama. Tulipoanza kuteremka kamlima ambako nimepita mara mia, nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga unga wa maandazi.

Nikapampu. Hakuna kitu. Nikapampu tena. Hakuna! Breki za gari langu zinatumia njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo ikivuja sehemu moja umekosa zote. Hendibreki nayo haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya giaboksi, ni ya kuegeshea. Ukiivuta kwenye mwendo na mzigo ule unaweza kuvunja kila kitu.

Nikashusha gia ya tatu, injini ikalia. Nikalazimisha ya pili, ikalia kama inachinjwa. Mwendo ukapungua lakini haukuisha. Na mbele yetu, bwana wee, baba mmoja anasukuma baiskeli ya mkaa, na watoto wawili wanamfuata. Honi haifanyi kazi tangu enzi za mzee. Nikawa napiga mlango kwa ngumi, utingo juu anapiga mayowe. Yule baba akageuka, akatupa baiskeli, akawabeba wale watoto juu juu mpaka mtaroni. Mimi nikakata usukani kulia, nikaingia kwenye kichuguu.

Kimya. Vumbi tu.

Utingo alirukia majanini, mzima. Mama goti liliumia. Watoto wale walikuwa wamesimama wananitazama tu, hata kulia hawalii. Nikashuka kumwomba radhi yule baba, sauti ikagoma kutoka.

Mama hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, usiku. Ndipo akauliza, taratibu kabisa: "Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ndiyo mama. Nililipa ada kwanza."

Akaniangalia sana. "Ada ningekopa, mwanangu. Wewe ningekukopa wapi? Na wale watoto wa watu je?"

Msomaji, sikulala.

Wiki hiyo hiyo akaja jamaa wa skrepa na mzani wake. Akagonga bodi, akasikia aluminiamu, macho yakamng'aa. Akataja bei. Nilikuwa kwenye ukapa wa kutisha, na kila nikilitazama lile gari nawaona watoto wale mtaroni. Nikamwambia arudi kesho. Nikaenda kwa babu fundi nikiwa nimeshaamua kuuza.

Babu akanisikiliza, akafuta mikono kwa tambara. "Uza ukitaka, ni lako. Ila usiseme gari ndilo lililokosa. Gari lilikwambia wiki tatu nzima, kila asubuhi ukiongeza mafuta lilikuwa linakwambia."

Jamaa wa skrepa akarudi, akaondoka mikono mitupu. Lakini gari sikuligusa. Lililala juu ya matofali wiki saba. Mimi nikawa deiwaka wa kupakia na kushusha mizigo ya malori, mabega yakachubuka. Nikanunua masta silinda mpya, silinda ndogo za magurudumu, hozi na laini za breki. Honi pia! Siku ya kulijaribu babu alinipeleka kwenye uwanja mtupu, akanikanyagisha breki mara hamsini ndipo akaniruhusu kutoka.

Sasa nina daftari. Kila safari, kabla sijahesabu faida, Sh. 10,000 inaingia kwenye kopo la gari. Hela hiyo haikopeshwi, haiendi kwenye ada wala msiba. Kopo likiwa tupu, gari halitoki. Na abiria wa juu ya mzigo sibebi tena, hata awe shemeji.

Oktoba 2024 kule Arusha walifanya tamasha, Land Rover mamia kwa mamia kwenye msafara mmoja. Picha zilipofika kijiweni, wale wale wanaoniita Mkoloni wakasema, "Kumbe una mali!" Na wewe unaweza kuipenda ukiona picha. Lakini kabla hujatoa hela, jiulize mawili: una fundi anayethubutu kukwambia usiliendeshe? Na akikwambia hivyo, utaweza kulala njaa ukamsikiliza? Kama hapana, nunua baiskeli, bro.

Mama sasa anapanda tena. Ila kabla hajafunga ule mpira wa baiskeli huwa ananiambia, "Kanyaga nione." Nakanyaga. Ndipo tunaondoka.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda na mkweche ukiwaka!