Daftari la Mabao

Jambo hili wenzangu hulicheka bwenini nami sioni la kuchekesha.

Mwezi uliopita palizuka ubishi wakati wa chakula. Wengine walisema timu yetu ya kriketi haijapata kuishinda shule ya jirani hata mara moja. Mimi nikasema tuliishinda, tena kwa mikimbio sita, nami ndiye niliyekuwa mwandishi wa mabao siku hiyo. Wakaniambia, "Lete karatasi." Karatasi sina. Kusema kweli niliandika mabao yale nyuma ya karatasi ya hesabu, na baada ya mtihani nikaitupa pamoja na takataka. Basi ushindi ule umekufa. Kijana aliyetuokoa siku ile kwa gongo lake amekwisha kumaliza masomo, na kwa uzembe wangu hana ushahidi wo wote.

Nikiwa na fedheha hiyo nilisoma habari za besiboli, mchezo wa Marekani ulio ndugu wa kriketi, maana wote una mpira, gongo na kukimbia. Ligi yao kubwa iliundwa mwaka 1876. Mwaka uliofuata vilabu saba, vingine vya Marekani na vingine vya Kanada, vilishindania ubingwa wa chama kilichoitwa International Association, ambacho wengi hukihesabu kuwa ligi ndogo ya kwanza. Bingwa alikuwa Tecumseh wa London. Si London ya Uingereza, bali mji wa Kanada. Chama kile hakikudumu miaka mingi. Hata hivyo mimi, niliyekaa hapa Kagarama, namjua bingwa wa mwaka 1877, wala simjui bingwa wa mashindano ya mabweni yetu ya miaka mitano iliyopita!

Tena si mambo ya ubingwa tu. Watu wengi huamini kuwa Mwafrika wa Marekani wa kwanza kucheza ligi kubwa alikuwa Jackie Robinson, mwaka 1947. Lakini yuko Moses Fleetwood Walker, aliyedaka mpira wa timu ya Toledo katika ligi ndogo ya Northwestern mwaka 1883. Toledo ikawa bingwa, na mwaka 1884 ikaingia ligi kubwa pamoja naye, akacheza michezo 42. Kisha mlango ukafungwa. Mwaka 1887 wakubwa wa ligi ndogo ya International walikata shauri kwamba wachezaji weusi wasipewe mikataba mipya. Waliweza kumfukuza mtu uwanjani, lakini michezo yake 42 ilikuwa imekwisha kuandikwa, nayo ipo hata leo.

Najua nitakavyojibiwa: kriketi si mchezo wetu, ni wa Waingereza na Wahindi. Mimi nasema ni wetu kwa njia iliyokuja nayo. Wengi wa walioianza hapa Rwanda walikuwa vijana waliokulia ukimbizini, Uganda na Kenya, wakarudi nyumbani baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na gongo mkononi. Chama cha Kriketi cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1999, na katika mwanzo huo wanafunzi wa chuo kikuu cha Butare walikuwa mstari wa mbele. Mwaka 2003 Rwanda ikapokewa katika baraza la kriketi la dunia.

Kwa miaka mingi walichezea Kicukiro, katika uwanja wa shule ile ya ufundi ambako mwezi wa Aprili 1994 maelfu ya watu walikimbilia, wakaachwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wakauawa. Kila Aprili twasikia majina yakisomwa. Sisi wa hapa hatuna haja ya kufundishwa uzito wa jina lililoandikwa.

Siku hizi tuna uwanja wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017, kwenye barabara ile ile iendayo Nyamata. Na Januari 2023, katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini, dada zetu waliishinda Zimbabwe kwa mikimbio 39. Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Kisha wakaishinda West Indies. Sisi wavulana na tuone haya kidogo. Mambo hayo hayatapotea, kwa kuwa dunia nzima iliyaandika. Ninayoyahofia ni yetu ya Jumamosi jioni, yasiyo na mwandishi ila mvivu kama mimi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, shule inunue daftari moja kubwa lenye jalada gumu, likae maktabani, wala mtu asiruhusiwe kuchana ukurasa wake. Pili, kaka zetu mliomaliza hapa, kama mna karatasi yo yote ya mabao, hata iliyoliwa na mende, au mwayakumbuka majina ya wachezaji kumi na mmoja wa mwaka wenu, yaleteni kwa Bwana Mhariri. Na wewe uliyepiga siku ile ya mikimbio sita, ukisoma haya, niandikie ulipata mikimbio mingapi. Nakumbuka ilizidi thelathini, lakini sitaki kuandika kwa kubahatisha.